Mama Mapigo, Aliyemkataa Mpole

Baada ya miaka thelathini na mitatu ya kuchunguza dawa za moyo na mishipa ya damu, mtafiti wetu mwandamizi, ambaye hakuna anayemwita vingine ila Mama Mapigo, anastaafu rasmi tarehe thelathini ya mwezi huu. Mhariri wa jarida hili aliniomba mimi, mkutubi wa kituo, niandike wasifu wake, kwa madai kwamba maktabani hakuna kazi. Nimekubali bila kinyongo. Hakuna mtu hapa aliyeazima vitabu vingi na kurudisha vichache kama yeye, kwa hiyo tunafahamiana vizuri.

Jina lake la utani halihitaji utafiti. Ukimsalimia kwa mkono, hauachii. Vidole vyake vinateleza taratibu hadi kwenye kifundo, macho yanatazama saa, na wewe unaendelea kumweleza habari za watoto bila kujua kwamba anahesabu mapigo yako ya moyo. Wageni wengi wamedhani ni upendo tu.

Alikuja kituoni akiwa binti mwembamba mwenye shahada mpya ya famakolojia, elimu ya namna dawa inavyofanya kazi mwilini. Akapewa chumba cha mwisho kwenye korido, chenye dirisha lisilofunga na mtambo mmoja wa kizamani: kikombe cha kioo kilichojaa maji ya chumvi ya uvuguvugu, ambamo kipande cha mshipa wa damu kilining'inizwa kwa uzi. Mshipa ukijikaza, kalamu iliyounganishwa nao ilipanda juu ya karatasi. Ukilegea, kalamu ilishuka. Yeye alidondosha dawa ndani ya maji, akakunja mikono, akasubiri kalamu iseme.

Mishipa yenyewe aliifuata machinjioni asubuhi na mapema, amevaa viatu vya mpira na koti jeupe, mkononi chupa ya chai iliyojaa maji baridi ya chumvi. Mchinjaji mkuu, mtu wa miraba minne, alimvumilia kwa muda mrefu. Siku moja akashindwa.

"Daktari, hivi huu mshipa unaupikaje? Maana minofu yote hii unaiacha!"

"Siupiki, kaka. Naupa dawa ya kushusha presha."

Mchinjaji akamtazama ng'ombe aliyening'inia, kisha akamtazama yeye kwa huruma. "Dada yangu, umechelewa. Huyu presha yake imeshashuka."

Kila mwaka Mama Mapigo alifungua somo lake la kwanza kwa kisa hicho, na kila mwaka alicheka yeye kabla wanafunzi hawajaanza.

Mumewe naye tulimpatia papa hapa. Alikuwa fundi wa mafriji, akaitwa kutengeneza friji la maabara. Friji hilo liliharibika mara mbili mwaka ule. Mara ya kwanza ilikuwa bahati mbaya. Kuhusu mara ya pili, wenyewe wamekataa kutoa maelezo mpaka leo.

Lakini kazi iliyomjengea heshima ni ile aliyoibomoa kwa mikono yake mwenyewe.

Yeye na wenzake walikuwa wamepata, kutoka kwenye majani ya mmea uliojiotea nyuma ya jengo letu, kitu kilicholegeza mishipa ya damu kwa namna ya kupendeza. Walikisafisha, wakakipima, wakakipima tena. Panya wenye presha ya juu walishuka presha polepole, bila kizunguzungu wala kuanguka. Maabara nzima ikakiita Mpole. Miaka ikapita katika kumlea huyo Mpole kama mtoto. Mkurugenzi wa wakati huo, mzee wa suti na tai zinazong'aa, akaanza kuandaa majaribio kwa wagonjwa. Sherehe ikapangwa, wageni wakaalikwa. Nyumbani, mama mzazi wa mtafiti, mgonjwa wa presha wa siku nyingi, akawatangazia majirani: "Dawa ya mwanangu inakuja. Nyie subirini tu."

Ndipo Mama Mapigo akataka kipimo kimoja zaidi: kumwacha Mpole akae na moyo wenyewe kwa muda mrefu, si na mishipa tu. Wenzake walinung'unika. Mioyo ya panya ilipiga vizuri mwanzoni. Kisha, mmoja hapa na mwingine pale, ikaanza kujikwaa, ikaruka pigo, ikapiga kama ngoma iliyoshikwa na mlevi. Akabadilisha maji. Akabadilisha vyombo. Akahamia chumba kingine. Mioyo ikaendelea kujikwaa. Wahenga walishatuonya kwamba simba mwenda pole ndiye mla nyama.

Nilikuwa ofisini kwa mkurugenzi, nimepeleka magazeti, Mama Mapigo alipoingia kumwambia. Nilipaswa kutoka. Sikutoka.

"Ni panya wachache tu," alisema mkurugenzi.

"Ni wachache kwa sababu panya wetu ni wachache, mzee. Watu ni wengi."

"Unajua wageni wameshaalikwa?"

"Waje tu, wanywe chai. Dawa haitoki."

"Hii ni kazi yako mwenyewe! Miaka yote hii!"

"Ndiyo maana naijua."

Mkurugenzi aligeukia dirishani, akayatazama mahema ya sherehe yaliyokwisha kushushwa uani. Kisha akaagiza mahema yarudishwe. Naye tumpe haki yake: angeweza kumtafuta mtu mwingine wa kutia sahihi ya kuruhusu majaribio, na hakumtafuta.

Miezi iliyofuata ilikuwa michungu. Wenzake waliokuwa wamemlea Mpole pamoja naye walimpita koridoni kama nguzo. Saa ya chai alikaa peke yake, na kikombe chake kilibaki kimejaa mpaka kikapoa. Hata hivyo, hayo yote yalikuwa mepesi kuliko safari ya kwenda kumweleza mama yake.

"Kwa hiyo umeitupa?" aliuliza bibi yule.

"Nimeitupa, mama."

"Haya. Kama ingeua mtoto wa mwenzangu, umefanya vizuri." Kisha akakohoa, akakohoa tena, kikohozi kikavu kisichotaka kuisha.

"Kikohozi hiki kilianza lini?"

"Tangu nipewe vile vidonge vya kliniki. Ndiyo maana siku hizi nameza Jumapili tu."

Mama Mapigo aliniambia kwamba alilazimika kukaa chini. Kikohozi kile kimeandikwa katika vitabu vyote vya fani yake. Ni jambo linalojulikana kwa aina ile ya dawa. Yeye aliyefundisha somo hilo kila mwaka hakuwahi kumuuliza mama yake mwenyewe. Alicheka, akalia, akacheka tena, na mama yake akamuuliza kama njaa ndiyo inamsumbua. Wiki hiyo hiyo alimpeleka kwa daktari wa kliniki, dawa ikabadilishwa, kikohozi kikaondoka.

Kuanzia hapo alitoka chumbani kwake na kwenda waliko wenye mishipa. Alikaa kwenye mabenchi ya kliniki akiuliza swali moja jepesi kwa sauti ya kishangazi: "Hebu niambie ukweli, unameza au humezi?" Majibu yalimiminika. Huyu miguu ilivimba, yule alikohoa, mwingine alijiona mzima akaona ya nini kujisumbua. Ndipo akaanza uchunguzi wake mkubwa: badala ya dawa moja kwa kipimo kamili, mgonjwa apewe mbili kwa nusu nusu, ili zisaidiane kushusha presha huku maudhi ya kila moja yakipungua. Wazo hilo halikuwa lake peke yake, na kila mara alisema hivyo. Lakini ni yeye aliyelithibitisha kwa wagonjwa wetu, kwa subira, mwaka baada ya mwaka, mpaka kliniki zetu zikabadilisha namna ya kuandika dawa. Wale wenzake waliompita kama nguzo walirudi mmoja mmoja, wakachangia kazi ile, naye akawamiminia chai bila kuwakumbusha lolote.

Mama yake aliishi mpaka akaona vitukuu. Hakukohoa tena, isipokuwa alipotaka kukatiza mazungumzo ya watu.

Mwezi uliopita kamati ya kuaga ilimuuliza anataka zawadi gani, saa ya ukutani au kochi. "Nataka mikono yenu," alijibu, akatupanga foleni nzima tupimwe presha. Mimi nilikuwa wa mwisho, nikiwatania walionitangulia. Akanipima.

"Kaa vizuri. Narudia." Akarudia. "Mkutubi, kichwa hakikuumi?"

"Hata kidogo."

"Ndiyo tabia ya presha, haibishi hodi. Chukua koti lako."

Aliiacha keki ambayo kamati ilikuwa imemwandalia siku hiyo haijakatwa, akanipeleka hospitali mwenyewe, akakaa nami mpaka daktari aliponiona. Daktari alisema mishipa yangu isingevumilia muda mrefu hivyo. Mke wangu ameniagiza niandike hapa kwamba anamshukuru. Mimi nimeagizwa pia nimeze kila siku, wala si Jumapili tu.

Sasa anaondoka. Tulipomuuliza atafanya nini, tulitarajia kusikia habari za wajukuu na bustani. Kumbe ameshanunua baiskeli. Utotoni kaka zake walimkatalia kujifunza, na fundi wa mafriji ameahidi kukimbia nyuma akishikilia kiti.

Mama Mapigo, asante kwa dawa uliyotupatia na kwa ile uliyotunyima. Tunakuombea barabara pana, breki kali na upepo wa mgongoni. Na fundi akishaachia kile kiti, usigeuke nyuma kututazama: kanyaga, mama, kanyaga!