Mkono wa Nives

Tarcisio, kaa kitako. Nawe Fiammetta, acha kuhangaika na mto, kichwa changu kiko sawa. Wanangu, pumzi niliyobakiwa nayo ni kidogo, basi msinikatize.

Karakana ni yenu nyote wawili, msigombanie mashine. Vipande vya marumaru vya kale vilivyoko rafuni vina karatasi zake halali. Kimoja tu hakina, nacho ni ule mkono wa marumaru nilioushikiza kwenye boriti ya chuma, nikaunda sanamu iliyonipa jina, ile ambayo jumba la makumbusho linangoja nife liinunue kwenu.

Mkono ule sikuuokota shambani kama nilivyowaambia watu. Ulikuwa umejengewa ukutani kwa shangazi yenu Nives, kando ya mlango, tangu enzi za babu wa babu zetu, na hakuna aliyetoka nyumba ile bila kuugusa. Ukuta ulipokuwa ukikarabatiwa, niliuchomoa mimi, nikaukwangua chokaa ya miaka yote hata asiutambue mtu. Nives aliponiuliza, nikamjibu, "Muulize fundi wako." Fundi alikuwa Sirio, mchumba wake, na zilikuwa zimebaki wiki tatu tu wafunge ndoa. Sirio akaapa, asisadikiwe. Pete ikarudishwa. Miaka thelathini na minane sasa wanapishana kanisani kama wasiojuana, nami kila Jumapili nala mezani kwa dada yangu. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ndefu, na nimeichoka. Naona haya, wanangu, zaidi ya ninavyoogopa kufa.

Basi urudisheni. Msiuvute, nilikuwa na haraka, nikautia pini ya chuma cha kawaida badala ya kile kisichoshika kutu, na kutu imevimba ndani, kidole gumba kimepata ufa. Kateni pini kwa msumeno wa mkono, polepole. Vitakavyobaki ni vyuma chakavu. Najua, Tarcisio, sanamu hiyo ndiyo urithi wenu mkubwa. Usininunie, mali ya wizi hairithiwi.

Wa kuujengea ukutani awe Sirio, kwa mikono yake, na Nives amshikie ndoo ya chokaa, akikubali. Mwambieni Nives kabla sijazikwa, si baada.

Mungu awape mikono mizuri na... na ulimi mnyofu. Maji, Fiammetta. La, acha. Nani huyo ngazini? Hatua hizo nazijua, ni dada yangu, ananiletea supu.

Msimwambie nyinyi. Niinueni kidogo... nitamwambia mwenyewe.