Pontien Aliyekaa na Watu Bila Chupa

Ndugu waombolezaji, majirani wa Kanyosha, wakwe, wafanyakazi wenzake wa Kinindo, na jamaa mliovuka mpaka kutoka Uvira, hii ndiyo safari ya Pontien Kashindi duniani, inayosomwa na mdogo wake Mawazo kwa niaba ya familia, na mjane wake, mama Scholastique, ameomba isomwe yote bila kurukwa mstari, kwa kuwa tangu Jumatano alipofariki kuna midomo inayozunguka mtaani ikisema kwamba Pontien aliirudia pombe kitandani hospitali, na kwamba alikufa na bia mkononi kama mwanamume. Midomo yenyewe iko hapa, imekaa upande wa kivuli, imevaa suti. Familia inaiomba isikilize hadi tamati, ingawa inajulikana kwamba kusikiliza haijawahi kuwa kazi yake.

Marehemu alizaliwa Uvira tarehe 17 Aprili 1950, mtoto wa pili katika familia ya watoto sita, akabatizwa huko huko, akaanza shule ya msingi mwaka 1957, na vita vya mwaka 1964 vilipowatoa watu majumbani alivuka na wazazi wake hadi Bujumbura, akamalizia masomo hapa, kisha akajifunza udereva. Mwaka 1971 aliajiriwa kuendesha lori la mfanyabiashara wa vitambaa, na kuanzia Februari 1994 akawa dereva wa shirika la misaada lenye ofisi Kinindo, kazi aliyoifanya mpaka ugonjwa ulipomshusha kwenye usukani. Tarehe 27 Julai 1974 alifunga ndoa na Scholastique, wakajaliwa watoto watatu, Fabiola mwaka 1975, Fortunat mwaka 1978, na Dévote mwaka 1983.

Hapa ndipo historia za marehemu husema kwamba alikuwa mcheshi na mpenda watu, zikaendelea mbele. Mama Scholastique amekataa. Pontien alikuwa mlevi, tena mlevi wa kila jioni, na kabare, yaani baa, aliyonywea ilikuwa mtaa wa Bwiza, kwenye meza ya Bwana Anselme, karani mstaafu ambaye Mungu alimjalia sauti nzuri ya kusema mbele za watu na hakumjalia cha kusema. Waliokaa kwenye meza hiyo waliitana ndugu wa damu, waliapa kufa pamoja, walilia wakikumbatiana kabla ya jua kuzama, na kesho yake hakuna aliyekumbuka ndugu yake alikuwa analilia nini. Kwa miaka zaidi ya ishirini marehemu aliamini kwamba hao ndio watu wanaompenda kuliko wote, na watoto wake watatu walikua wakiamini hivyo hivyo, maana nyumbani walimwona amelala tu.

Jumamosi tarehe 8 Juni 1996 meza ile ilikunywa mpaka saa ya kufunga njia, ile amri ya kutotoka nje usiku, ikakaribia, na kila aliyekuwa Bujumbura miaka hiyo ya vita anajua doria ilimfanyia nini mtu aliyekutwa barabarani baada ya saa hiyo. Pontien alianguka Buyenzi, mbele ya karakana ya fundi magari Moubarak, na ndugu zake wa damu, walioapa kufa pamoja naye, walimruka mmoja baada ya mwingine kama watu wanaoruka dimbwi, wakawahi majumbani kwao. Ni Mungu peke yake aliyeipitisha doria barabara nyingine. Pontien alipomuuliza Anselme baadaye, jibu lilikuwa hili, na familia inalisoma kama lilivyotoka: "Mi nilizani utaamuka mwenyewe."

Asubuhi ya Jumapili tarehe 9 Juni, Moubarak alipofungua karakana alimkuta pale, hakumfukuza, hakumhubiria, alimletea ndoo ya maji na kikombe cha kahawa, akamwambia akae kwanza. Pontien alikaa. Alikaa mpaka adhuhuri, akisikiliza mafundi wakitaniana na wateja, na alipofika nyumbani alimwambia mkewe kwamba ameacha pombe, na mkewe akamjibu kwamba maji ya kuoga yako uani, kwa sababu tangazo hilo alikuwa amelisikia mara nyingi na maji ya kuoga yalikuwa na faida zaidi.

Lakini safari hii aliacha kweli. Kitu ambacho hakukijua, na ambacho kilimuumiza kuliko kiu yenyewe, ni kwamba ataionea haya meza yake. Alirudi kabare akaagiza Fanta citron, akitaka kuendelea kukaa na wenzake, na jioni hiyo, kwa mara ya kwanza tangu awajue, aliwasikia. Hadithi ya Anselme na kiboko, aliyoicheka maisha yake yote mpaka machozi yakamtoka, ilisimuliwa mara tatu kwa jioni moja, na mara ya tatu kiboko alikuwa amegeuka mamba, na hakuna aliyegundua. Marehemu alimwambia mkewe kwamba alijisikia kama mtu aliyekula chakula gizani miaka mingi, halafu taa ikawashwa. Wao walimwambia kwamba anawachunguza, kwamba mtu anayekataa kunywa wakati wa vita ana jambo, kwamba Fanta ni ya watoto na wajawazito, na mwisho wakamwambia ahame meza, akahama.

Wakasema atakauka, atakuwa mtu wa kukaa ndani na kupigana na mkewe. Kumbe ndiyo kwanza alikuwa anatoka. Kila jioni baada ya kazi alipita Buyenzi kwa Moubarak, ambako baada ya sala ya alasiri watu walikaa kwenye mabenchi na viti vya magari vilivyong'olewa, wakinywa kahawa na tangawizi, wakipiga dhumna na kuchambuana mpaka mbavu ziwaume, na hata vikwazo vya nchi jirani vilipoingia mwaka huo huo na sukari ikaadimika waliinywa kahawa chungu na utani ukawa mkali kuliko zamani. Mtaani Kanyosha ikasemekana kwamba Pontien amesilimu, kwa kuwa vichwa vingine haviwezi kuelewa mtu aache bia bila kulazimishwa na Mtume, na padri mwenyewe alipomuuliza, marehemu alijibu: "Apana, padri, mi ningali mukristo. Ila pale kwao watu wanaongea, na kesho yake wanakumbuka." Alijifunza kuogelea ziwani akiwa na miaka arobaini na saba. Alicheza kwenye harusi za watu mpaka wanamuziki wakachoka wao, na alijua ladha ya mukeke wa kuchoma, samaki aliyemla tangu ujana bila kumwonja. Dévote, aliyekuwa akijificha chumbani kila baba alipoingia, alianza kumsubiri mlangoni.

Sasa familia inafika kwenye mahari ya Fabiola, Jumamosi tarehe 22 Agosti 1998, na wanaotaka kukohoa wakohoe sasa. Wakwe, wakiongozwa na mzee Balthazar, baba wa bwana harusi, walikuja na vinywaji vyote kama ada inavyotaka, bia, mtungi wa pombe ya mtama na mirija yake, na kwa heshima ya marehemu, kreti za Fanta. Kila mtu hapa anajua maana ya mtungi ule, kwamba mababa wawili huingiza mirija yao pamoja, aliyeleta akatangulia kuvuta kuonyesha hakuna sumu, na anayekataa amemwita mwenzake mchawi. Marehemu alikuwa amemweleza mzee Balthazar mapema, wakakubaliana. Kosa lake lilikuwa moja, nalo ni la watu wote wa mji huu, kudhani kwamba mwenye sauti nzuri ana akili nzuri, akamchagua Anselme kuwa msemaji wa upande wetu na mgawaji wa vinywaji.

Anselme akaona hapo ndipo pa kumrudisha ndugu yake kwa watu, kama alivyosema mwenyewe baadaye, akachanganya kanyanga, ile pombe kali ya vichakani, katika Fanta ya marehemu. Pontien alipiga funda moja, likamwaka ulimi, na mbele ya wakwe wote akalitema chini. Fanta ile ililetwa na wageni, na mtu aliyetema kinywaji cha mgeni amesema neno moja tu, na neno hilo halihitaji kutamkwa. Mzee Balthazar aliinuka, akachukua kofia yake, na Fabiola, aliyekuwa amesimama na shangazi zake amevaa nguo za siku yake, alianza kulia bila sauti.

Angeweza kumeza. Marehemu alimwambia mkewe miaka mingi baadaye kwamba alijua kabisa kuwa funda moja lingeiokoa ndoa ya mwanawe, na kwamba alijua pia halingekuwa moja. Ni mama Scholastique aliyetembea mpaka katikati, akaichukua ile chupa, akaionja mbele ya watu, akasema: "Hii si Fanta, ni kanyanga, na wageni apana walioiweka, imetoka kwetu." Anselme alicheka, akasema ni muchezo tu, jamani, mbona munakuwa hivi. Hakuna aliyecheka naye, hata wa meza yake, ambao waligundua ghafla kwamba viatu vyao vina vumbi.

Mzee Balthazar, ambaye familia inamshukuru kwa kuwapo kwake leo, alirudisha kofia juu ya kiti, akaomba Fanta nyingine, akaifungua kwa mkono wake, akachukua mirija miwili ya mtungi iliyokuwa bado haijatumika, akaitumbukiza yote katika chupa ile moja, akavuta kwanza yeye, kisha akamgeuzia Pontien mrija wa pili. Wazee wawili walimaliza ile Fanta wakitazamana, na ndoa ilifungwa tarehe 19 Desemba mwaka huo huo, na wajukuu wawili wako hapa mbele.

Marehemu alianza kuumwa Septemba 2001, tumbo likivimba na macho yakiwa ya manjano, na daktari alieleza wazi kwamba ini lilikuwa limeharibika zamani, wakati wa ile meza, na kwamba kama asingeacha tusingekuwa naye hata miaka hiyo. Familia inalirudia hili kwa ajili ya wale wanaofundisha mtaani kwamba bia ndiyo iliyokuwa ikimlinda. Alilazwa mara ya mwisho Januari mwaka huu wa 2003, akafariki Jumatano tarehe 12 Februari, saa nne asubuhi, mkewe akimshika mkono na Moubarak akiwa miguuni pa kitanda.

Ni kweli kwamba siku ya Jumatatu Anselme alikuja hospitali na chupa ya bia ndani ya koti. Ni kweli aliifungua akamsogezea mgonjwa. Mama Scholastique alikuwepo, na alichokisikia ni hiki: "Anselme, weka chini hiyo chupa, ukae, tuongee kidogo." Anselme aliiweka, akakaa. Akatazama dirisha, akatazama dripu, akasema joto limezidi, akainama, akafungua mdomo, akaufunga. Miaka thelathini ya urafiki, na mtu hakuwa na neno hata moja la kumwambia rafiki yake anayekufa. Kisha akaichukua chupa, akainywea koridoni, peke yake, na hiyo ndiyo bia ambayo mtaa mzima unasema aliinywa Pontien.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani wa Kanyosha waliopika na kulala nje na sisi, shirika lake lililotoa gari, na watu wa Buyenzi ambao hawakukosa hata jioni moja kitandani pake. Baada ya mazishi, wakati wa kunawa mikono nyumbani, kutakuwa na chai, kahawa na Fanta, na bia hakuna. Hayo tungependa yawe ya mwisho, lakini marehemu aliacha agizo moja ambalo familia nzima ililipinga na mama Scholastique akalisimamia, kwamba kiti kilicho karibu kabisa na mjane kiwe cha Anselme. Anselme, kiti kipo. Pontien alisema uje mikono mitupu, ukae mpaka upate la kusema, na kwamba hakuna atakayekuharakisha.

Kashindi, ndugu yetu, uliwajua watu ukiwa macho. Lala sasa kwa amani.