Rimoti ya Shemeji

Benchi letu liko nje ya geti la karakana ya vyuma, na mchana huu tulilikalia watu watatu na roho mbaya zetu. Kabini aliendesha kreni miaka mingi akiwa juu kibandani, mpaka kibanda kikang'olewa na kreni ikaanza kuendeshwa kwa rimoti kutoka chini. Cheche ni fundi wa kuchomelea. Mimi napaka rangi. Rimoti alipewa mume wa dada yake Kabini, ambaye sote tunamwita Shemeji, na tangu siku hiyo hatuna hadithi nyingine. Hata mimi namwonea wivu, na kazi yenyewe sijawahi kuitaka.

— Mmemwona leo? Kabini akaanza. Kaenda chooni na ufunguo wa rimoti. Chooni!

— Anaogopa utamwibia kreni, nikasema.

— Niiweke wapi, mfukoni?

— Na ule mkanda wa rimoti shingoni! Cheche akadakia. Kila asubuhi, kabla hajainua hata msumari, anabonyeza kile kitufe chekundu aone kama kreni inazima kweli. Jana si ilizima? Leo imesahau?

— Maringo tu. Juzi nimemsalimia, kaninyamazia mpaka mzigo ulipotua. Mimi, kaka wa mke wake!

— Na dada yako anavyomsifu huko bombani... nikachochea.

— Dada nimemzoea. Kinachoniuma ni mama. Siku hizi anamwita injinia. Mimi miaka yote kule juu, kuna siku aliniita injinia?

Tukanywa kahawa. Hilo hata sisi lilituuma.

— Lakini pipa halikuwa kosa lako, Cheche akamfariji.

— Nilibonyeza kushoto! Kabini akajipiga paja. Siku ile Shemeji anaumwa, mimi nimeshika rimoti, nabonyeza kushoto, mzigo unakwenda kulia na kulilalia pipa la maji!

Mimi nilikuwepo. Kabini alikuwa amezunguka upande wa pili, na ukisimama kule, kushoto kwako ndiko kulia kwa kreni. Ndiyo maana Shemeji hutazama kwanza mishale iliyochorwa juu kwenye kreni, halafu ndipo anabonyeza. Sikusema. Kusema kungekuwa kumsifu.

— Ni mawimbi, Cheche akasema. Muuza kahawa alikuwa amefungulia redio.

— Redio wapi, nikasema. Shemeji kaizoesha jasho lake. Ikishikwa na mkono mwingine inanuna.

— Inanuna?

— Inanuna kabisa. Inatenda kinyume.

— Basi mimi nawaambia, Cheche akainamia katikati yetu. Ile homa ilikuwa ya uongo. Alikuwa kwake, kajifunika shuka, ana rimoti ya pili. Wewe kushoto, yeye kulia!

— Eeh! Kabini akaruka. Sasa umesema!

— Wangekupa wewe, karakana nzima ingepumua, nikamwambia. Mwendeshaji kama wewe hapa hakuna.

— Hakuna, Cheche akaapa.

Geti likafunguka. Akatoka msimamizi mpya, mama mmoja aliyeanza kazi juzi tu, kofia ngumu kichwani.

— Kabini ni nani?

— Mimi, mama.

— Bosi amekubali. Shemeji yako amekuombea, anasema zamu zimemzidi. Utajaribiwa sasa hivi, yeye atasimama pembeni yako akuelekeze. Ukifaulu mtapokezana.

Kabini akasimama. Sijawahi kumwona mtu mzima akitabasamu vile.

— Haya twende, msimamizi akasema. Ila nahitaji mtu wa kufunga minyororo kwenye mzigo wakati wewe umeshika rimoti. Nani kati ya wenzako?

Cheche akaanza kutafuta glavu zake, nazo alikuwa amezivaa. Mimi nikasema nina rangi inakauka ndani ya ndoo. Kabini akamtazama Cheche, akanitazama mimi, akasubiri. Tabasamu likamwisha polepole.

— Jamani, akasema. Hata mmoja?