Ng'ombe wa Zuzu na Shule ya Dawa

Mbukwenyi, ndugu zangu. Mwalimu ameniomba nisimame niwaeleze jinsi Mungu alivyomwinua mwanangu mpaka akawa mtu wa dawa. Nimesimama. Ila mwalimu aniwie radhi, maana jana alinipa maneno matamu ya kusema, na hayo maneno nimeyaacha nyumbani. Kila nikienda kisimani nasikia nyuma yangu, "Yule ndiye mama mwenye bahati, mwanawe anavaa nyeupe." Bahati! Jamani, hiyo bahati mimi nimeifuata kwa miguu, na nyayo zangu bado zina nyufa. Leo mtaisikia yote. Majina ya watu sitayataja, aliyemo atajijua mwenyewe.

Mwanangu wa kiume ni huyo mmoja. Alikuwa akichunga ng'ombe wa baba yake hapa Nzuguni, na jioni anakuja kusoma herufi katika nyumba hii hii ya sala tuliyokaa. Siku moja daktari Mdachi alikuja kutoka boma kutibu vidonda. Watu wazima waligeuza nyuso, lakini mtoto akashika beseni la usaha mpaka kazi ikaisha, wala hakukunja uso. Daktari akamwambia mwalimu kwamba kijana huyu aende pwani, kwenye hospitali kubwa, afundishwe dawa. Mwalimu akaja kumwomba baba yake.

Sasa, baba yake mnamjua. Hajabatizwa, na hivi sasa yuko hapo nje kwenye kivuli cha ukuta, anasikiliza huku anajifanya hasikilizi. Huyo ni mtu wa ng'ombe. Jambo lolote ukimletea, yeye kwanza analipitisha zizini. Na ninyi mnajua desturi yetu, mwenye mali haweki ng'ombe wake wote zizi moja, maana ugonjwa ukiingia atabaki na kamba. Anamkabidhi rafiki huyu mmoja, shemeji yule mmoja. Mtunzaji anachunga, anakunywa maziwa, na ndama wanakuwa wa mwenyewe. Mwenyewe kazi yake ni kukaa.

Basi mzee akavuta ugoro wake, akafikiri, akasema, "Vema. Mdachi amlishe, anywe maziwa yake, na siku ya kurudi anirudishie mtoto na ndama." Mwalimu akatabasamu, akadhani mzee anasema kwa mafumbo. Kumbe mwenzake amefunga mkataba! Mtoto akapanda gari la moshi, na baba yake akarudi nyumbani kusubiri ndama.

Haukupita mwezi, mtu wa reli akatuletea maneno. Kumbe kule wanaojifunza wanajilisha wenyewe na kujivika wenyewe mpaka wahitimu. Zinatakiwa nguo nyeupe, blanketi, sufuria na chakula. Mzee alicheka kwanza. Alipoona mimi sicheki, akaniuliza, "Ni nani aliyewahi kusikia mwenye ng'ombe akimpelekea mtunzaji majani?" Ng'ombe mmoja akatoka zizini, akaenda kwa Mhindi wa karibu na stesheni, nguo zikapatikana. Mimi nikatwanga uwele, nikakausha mlenda, nikajitwika mpaka Dodoma kuwabembeleza watu wa gari wamfikishie.

Nikadhani tumemaliza. Ndugu zangu, nawaambia, tulikuwa hatujaanza. Yakaja maneno ya viatu. Kisha yakaja ya sabuni. Sabuni! Mtoto aliyekuwa akioga mvua ikimkuta njiani, leo hawezi kugusa mgonjwa bila sabuni. Kisha akamwagikiwa na dawa fulani, nguo ikatoboka, ikatakiwa nyingine. Mambo ya shule ya dawa ni kama pakacha, unatia huku, yanavuja kule. Na kodi ya nyumba haikungoja eti kwa sababu mtoto anasoma. Jumbe alikuja na askari wake palepale. Zizi likabaki na mbolea, na mzee mzima, mwenye mvi, akawa anachunga mbuzi waliobaki, maana mchungaji yuko pwani anaoga.

Ndipo mzee akaanza kuwarudisha ng'ombe aliowakabidhi watu. Na hapa mniruhusu nikasirike, maana hasira hii nimekaa nayo muda mrefu. Ng'ombe wa kukabidhi harudishwi ovyo. Unatuma mtu kwanza, unaeleza shida yako, unangoja ndama aache kunyonya, na mtunzaji unamwachia chochote cha shukrani. Mzee alikwenda mwenyewe na kamba mkononi. Akifika, salamu, kamba shingoni, kwaheri. Sababu hasemi. Na mimi alinikataza nisiseme. "Wakijua mtoto anasomea dawa," akasema, "kijicho kitamuua kabla hajarudi." Watu wakajitafutia sababu wenyewe. Wakasema mzee anakusanya mahari, anataka kuoa msichana mbichi. Kisimani walinionea huruma mpaka nikatamani kuwapiga kwa mtungi.

Mwisho akabaki ng'ombe mmoja tu, yule wa kijiji cha Zuzu, kwa kaka yangu. Wifi yangu alikuwa amejifungua binti, homa ikamshika, maziwa yakakauka kifuani. Yule mtoto aliishi kwa maziwa ya ng'ombe yule. Nilikwenda kumwona nikamkuta ananyweshwa tone kwa tone, mdomo umejaa povu, nikamshukuru Mungu kwa sababu ya ng'ombe wetu.

Hapo ndipo yakaja maneno kwamba kijana wetu amevunja kijiti. Ni kijiti cha kioo, cha kuweka kwapani ili kujua homa. Kinatakiwa kulipwa, la sivyo arudi kwao. Kijiti, ndugu zangu! Kwa maisha yangu yote homa nimeijua kwa kiganja, na kiganja changu hakijavunjika. Nilimlilia mzee amwache ng'ombe wa Zuzu, tutafute njia nyingine. Akanijibu, "Ng'ombe ni wangu na mtoto ni wangu." Akaenda. Akarudi na ng'ombe, na shingoni mwa ng'ombe kimefungwa kibuyu cha maziwa, kimeoshwa, kimefukizwa moshi, kitupu. Wifi yangu ndiye aliyekifunga. Na sote tunajua, kibuyu kikirudi kitupu pamoja na ng'ombe, umeambiwa usipite tena mlangoni pangu.

Kisha mvua ikakataa. Uwele ukachipua, ukaungua. Wengine wakabeba vikapu wakaenda kuhemea chakula kwa ndugu na marafiki, kama tufanyavyo sote njaa ikiingia. Sisi tukahemee kwa nani? Kila mlango wa kuhemea ndio ule tulikotoa ng'ombe bila maelezo. Tukachimba mizizi. Mzee akavimba miguu, akawa anakaa ukutani bila hata ugoro. Nilikuwa na hasira na yeye, na hasira na Mdachi, na mtoto, na mwalimu wetu huyu pia, nisamehe mwalimu, nilikuwa nikikuona njiani napinda kushoto.

Na katikati ya hali hiyo mtu wa reli akaleta maneno tena. Mtoto ameishiwa unga. Wanaosinzia kazini kwa njaa wanafukuzwa, naye ameanza kusinzia. Nikakaa chini. Ng'ombe wameisha, ndugu wameisha, na sasa kijana atarudi mikono mitupu, hajui kutibu wala hajui tena kuchunga. Yote yangekuwa bure. Nikainuka, nikachukua kile kibuyu kitupu, nikashika njia ya Zuzu.

Njia nzima nilikuwa naogopa kitu kimoja, kwamba nitakuta kaburi dogo. Nilimkuta wifi uani anatwanga, na karibu ya kinu binti yuko hai, anatambaa, anakula mchanga. Jirani mmoja alimpa maziwa ya mbuzi. Nililia palepale. Wifi akaendelea kutwanga. Hakunisalimu wala hakunifukuza. Basi nikasema yote, nikiwa nimesimama juani, habari ya pwani, na sabuni, na kijiti. Nilipofika kwenye kijiti, mchi ukasimama.

Akaniuliza, "Wifi, siku mkimwoza kijana wenu, ng'ombe wa mahari watatoka wapi?"

Nikamwambia watatoka kwetu na kwenu, kwa wajomba, kwa baba wadogo, kwa wote.

"Mngetuita?"

"Tungewaita."

"Sasa kwa dawa mlishindwa nini kutuita?"

Nikamwambia tuliogopa kijicho. Akanitazama kama mtu anavyomtazama mjinga anayempenda. Akasema, "Mtu hamwonei kijicho aliyemchangia."

Akachukua kibuyu mkononi mwangu. Uwele aliokuwa akiutwanga haukuwa mwingi, naye alikuwa na watoto. Akanijazia unga mpaka shingoni.

Kaka yangu akaita ukoo, wakaketi kama wanavyoketi kwa mahari. Mzee wangu alisemwa, ndugu zangu. Alisemwa na vijana na wazee. Kwa desturi angetozwa pombe kwa kumchukua ng'ombe vile, lakini uwele wa pombe ulikuwa wapi? Ikambidi aombe radhi kwa mdomo. Nadhani angeona nafuu kutoa pombe ya kijiji kizima. Aliomba. Kisha watu wakachanga. Huyu mbuzi, huyu karanga, bibi mmoja akaleta chumvi kwenye ncha ya khanga. Wakapeana zamu ya kwenda stesheni. Na wale waliosema mzee anaoa wakacheka mpaka nami nikacheka.

Kijana akahitimu. Mnadhani aliletwa nyumbani? Serikali ikampa sanduku la dawa ya kuchanja ndui, ikamwambia azunguke nchi nzima kwa miguu. Akifika kwetu hata hajala, anaitwa. Mjomba jino, bibi jicho, shangazi mgongo. Nikimwambia apumzike, wanasema, "Sisi tulichanga." Kweli walichanga! Nifanye nini? Mwana nimemzaa mimi, leo kumwona naingia kwenye foleni.

Lakini ndui ilipoelekea Zuzu, watu waliwaficha watoto porini, wakisema kisu cha Mdachi kinaingiza ugonjwa. Mwanangu alikaa na sanduku lake mpaka jua likawa kali, hakuna aliyekuja. Ndipo wifi yangu akatoka na yule binti, akamvua nguo begani, akawaambia waliokuwa wakichungulia, "Mkono wa kijana huyu nimeulisha unga mwenyewe. Siuogopi." Binti akachanjwa, akalia kidogo, akanyamaza. Baada yake wakaja wengine. Ndui iliiruka Zuzu, na yule binti anachunga mbuzi hadi leo.

Kwa mshahara wa kwanza wa maana, kijana alimnunulia baba yake mtamba. Mzee akafungua zizi. Mimi nikashika kamba, nikafunga kibuyu shingoni mwa yule mtamba, nikampeleka Zuzu. Mzee alinitazama nikiondoka. Wifi alipokea kamba, akaning'iniza kibuyu ukutani pake pa zamani, tukala, na mtamba yule sasa amezaa.

Namshukuru Mungu, nawashukuru wote waliokuwa na njaa wakatoa. Mwalimu, nawe nakushukuru, hukuuliza kwa nini napinda kushoto. Na ninyi wazazi mnaotamani nguo nyeupe, msidhani shule ya dawa ni ya baba na mama. Itawamaliza. Iiteni jamaa kama mnavyoiita kwa mahari. Mficha uchi hazai.

Nina neno moja tu nikae. Humu ndani yumo mama mjane ambaye mwanawe anakwenda pwani baada ya mavuno. Hajamwambia mtu. Nimejua kwa sababu juzi nilimwona anampeleka mbuzi stesheni huku anatazama nyuma, na mwendo ule naujua. Simtaji. Akitaka, ainuke mwenyewe.

Haya. Asante, mama. Simama hapo hapo, usilie.

Mimi naanza. Natoa kibuyu cha unga, na sabuni, maana ninyi sabuni hamtaiwaza. Wifi yangu ametuma karanga kutoka Zuzu. Na wewe mzee uliye hapo nje, najua unasikia, sema mwenyewe unatoa nini.

Amesema nini? Ninyi wa mlangoni, hebu semeni kwa sauti, huku nyuma hawakusikia.

Ndama. Amesema ndama. Basi nimekaa.