Firmin Byamungu, Baba wa Maombi, Hervé na Christelle (1964–2012)

Tunayemsindikiza leo, Jumamosi tarehe 26 Mei 2012, ni Firmin Byamungu. Alizaliwa Uvira tarehe 14 Machi 1964, mtoto wa pili wa mzee Byamungu na mama Nsimire. Wa kwanza alikuwa Emery. Kitinda mimba ni Adrienne, ambaye ndiye anayewasomea maneno haya, na ambaye ameombwa na kamati ya mazishi awe mpole. Atajaribu.

Marehemu alisoma shule ya msingi Uvira na sekondari Bukavu, akahitimu ualimu wa fizikia mwaka 1988. Alifundisha Uvira miaka minane, mshahara ukija siku unayotaka wenyewe. Wanafunzi walimwita Mwalimu Kwanini, kwa sababu kila walipompa jibu sahihi aliwauliza hivyo. Tarehe 5 Agosti 1995 alifunga ndoa na Xavérine Furaha, na siku hiyo pia alichelewa, akisahihisha mitihani.

Oktoba 1996 vita vikafika. Emery aliuawa barabarani akirudi sokoni, akamwacha Maombi, binti wa miaka mitatu, ambaye mama yake alikuwa amefariki siku ya kumzaa. Firmin alimzika kaka yake harakaharaka mbele ya watu sita, akaapa pale kaburini kwamba mtoto huyu hana baba mwingine na asije akaambiwa kamwe kuwa ni yatima. Akambeba mgongoni mpaka Bujumbura. Hakuna aliyeandika karatasi. Kwetu nani huandika karatasi ya kumchukua mtoto wa kaka yake? Hervé alizaliwa 1998 na Christelle 2001, wakakua wakijua kwamba wana dada mkubwa, na kwamba ana mkono mwepesi wa kofi.

Mwaka 2003 Firmin alifika Sweden peke yake. Alipoulizwa ana watoto wangapi, alisema watatu, akaanza na Maombi. Alipata kibali cha kuishi 2005, akapanga chumba Fisksätra. Mchana alisafisha maghala Märsta, asubuhi mapema maabara moja ya jiji hili. Watafiti wa pale walikuwa wanahangaika. Kila siku saa moja na robo asubuhi mstari kwenye skrini ulipanda, kama vile DNA imeonekana, na ndani ya kipimo hamkuwa na DNA yoyote. Wiki tatu walibadilisha dawa. Ndipo msafishaji akasema kwa Kiswidi chake cha darasani: "Samahani, nadhani ni ndoo yangu." Ndoo ya maji ya moto aliyoiegesha chini ya meza ilikuwa inapasha joto kifaa chao, na silikoni ya kifaa hicho ikipata joto mwanga hupita ndani yake kwa namna nyingine. Walicheka. Kisha wakaondoa ndoo, mstari ukatulia, wakaacha kucheka. Septemba 2006 aliajiriwa kuwa fundi wa maabara.

Kazi yake aliipenda mno, na aliieleza hata kwa watu wasiomuuliza. Kipande cha silikoni, kidogo kuliko ukucha, kina vijia vyembamba vya kupitisha mwanga. Juu ya kijia hubandikwa upande mmoja wa uzi wa DNA. Upande wake wa pili ukipita katika tone la maji, hushikana nao, mwanga hubadilika kidogo sana, na mashine inaona. "Lakini hakijui kitu," alikuwa akituambia baada ya ibada. "Ukibandika uzi wa kifua kikuu, kitakujibu habari ya kifua kikuu tu. Kinajibu swali ulilokibandikia, basi."

Mwaka 2007 aliomba familia yake imfuate. Barua ikaja kutoka uhamiaji kwamba uhusiano wake na watoto unaweza kuthibitishwa kwa kipimo cha DNA. Kipimo chenyewe kingefanywa kwingine, kwa njia ya kawaida, si kwa kifaa chake, lakini alifurahi kama mwenye harusi. Alikuja Sundbyberg, jikoni kwa dada yake.

"Adri, Emery na mimi tulitoka tumbo moja. Damu itaonekana tu."

"Damu ni damu, kaka. Fanya."

Adrienne anayasema haya hadharani ili kosa lisibaki kwa marehemu peke yake. Kipimo kiliulizwa swali moja: je, mtu huyu ndiye aliyemzaa msichana huyu? Firmin, aliyekuwa akibandika maswali kwa mikono yake kila siku, hakuuliza safari hii limebandikwa lipi. Hervé ndiyo. Christelle ndiyo. Maombi hapana.

Barua ya majibu ilisomwa na Maombi mwenyewe kule Bujumbura, akiwa na miaka kumi na minne. Akapiga simu.

"Papa, barua inasema miye si mutoto wako. Sasa niko wa nani?"

"Uko wangu. Ile barua haikukubebaka ku mugongo kutoka Uvira."

Alieleza kila kitu, akaleta mashahidi. Akaambiwa alete hati za kuasili mtoto, na kwamba angeyasema hayo tangu mwanzo. Xavérine na watoto wawili walitua uwanja wa ndege wa Arlanda tarehe 22 Januari 2008. Maombi alibaki Bujumbura kwa Béata, mdogo wake Xavérine. Rufaa ilikataliwa 2009. Mwaka 2011 alitimiza miaka kumi na minane, na mlango ukafungwa kabisa.

Nanyi mlio hapa, baadhi yenu viti vya mbele, mlisema Firmin alitaka kuingiza mtoto wa watu kwa ujanja. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Yeye alisikia, na bado aliwajazia fomu zenu. Dada yake hajawasamehe, na leo si siku ya kusema uongo.

Novemba 2011 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Alifanya kazi hadi Februari. Alifariki Jumanne tarehe 8 Mei 2012, saa nane mchana, Xavérine amemshika mkono, Maombi yuko kwenye simu anamwita. Maombi akaomba viza ya kuja kumzika. Alijibiwa kwamba marehemu si ndugu yake wa karibu.

Mwenyekiti wa kamati, Jean-Bosco, ameshauri tuandike watoto wawili, ili tusiwaletee Hervé na Christelle matatizo. Tumemsikia. Kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana, na Firmin ameacha mke, Xavérine, dada, Adrienne, na watoto watatu: Maombi, Hervé na Christelle.

Kwetu udongo wa kwanza hutupwa na mtoto wa kwanza. Hervé atautupa kwa niaba ya dada yake, akitaja jina lake kwa sauti, simu ikiwa wazi ili asikie ukianguka juu ya sanduku. Kisha atatupa wa kwake. Asiyependa na asubiri getini.

Pumzika, kaka. Huko ulikokwenda yupo Emery, naye anajua mtoto ni wa nani.