Mzee Subiri Anaondoka, Leseni Ibaki

Meneja, mwanangu, puto umetundika, keki umeagiza, lakini kuipokea leseni ya programu ya kuchorea nembo umeshindwa. Wiki ya pili sasa ujumbe wa kampuni iliyotengeneza programu unakungoja kwenye kompyuta yako, ubonyeze tu kwamba karakana imekubali. Aibu! Nalisema hili humu kwenye jarida letu, watu wote wasome, maana ukiambiwa faraghani unajibu, "Nitaangalia, bibi."

Ijumaa hii Mzee Subiri anastaafu baada ya miaka thelathini na moja katika karakana yetu ya kudarizi. Ndiye anayechora nembo za sare kwenye kompyuta kabla mashine hazijazishona. Jina la Subiri tulimpa sisi. Kompyuta yake kuukuu huamka taratibu kama bwana harusi aliyekesha, na kila ukichungulia mlangoni anakuinulia kiganja: "Subiri."

Alipoanza kazi alichora kwa penseli na karatasi ya kaboni. Tai wake wa kwanza, wa shule moja ya wasichana, alitoka kama kuku anayetaga. Sisi wa stoo ya nyuzi tulicheka mpaka tukakaa chini. Hakununa. Alimchora upya na upya, na mwishowe tai yule ungemkwepa asije akakudonoa.

Mashine zetu ni za zamani kama mimi, na kama mimi, hazielewani na kila mtu. Zinaisikia programu ya kuchorea ya toleo la zamani tu. Ukizipa mchoro wa programu mpya, majani yanashonwa mbali na shina. Basi tulipoongeza mashine tukahitaji leseni ya pili, ilibidi itafutwe ya mtumba, kwani kampuni ilishaacha kuuza toleo hilo. Wajanja wakamshauri Mzee Subiri atie ya wizi. Alikataa. Shati la mtumba ni lako, alisema, lakini la kwenye kamba ya jirani ni la jirani hata likikupendeza.

Na msidhani leseni ya mtumba ni kulipa na kubeba. Fundi mmoja wa mabango alimuuzia yake, huku mwenyewe anaendelea kuitumia. Kuuza ng'ombe ukabaki na maziwa! Kampuni ikajibu kwamba leseni hiyo ina mwenyewe. Mzee Subiri akarudi kwa fundi yule, akavuta kiti, akakaa. Fundi akasema aje kesho. "Ya nini kuja? Kesho utanikuta hapa hapa." Kabla ya kufunga duka, fedha zilikuwa zimerudi.

Ya pili ilikuwa ya mjane wa fundi kofia. Mama wa watu hakuwa na hila. Risiti aliitoa, uhamisho akaukubali, programu ikafutwa kwenye kompyuta ya marehemu wote wakitazama. Kilipungua kitu kimoja: kifunguo kidogo kinachochomekwa nyuma ya kompyuta ili programu ifunguke. Mjukuu wake wa kike alikuwa amekivisha kitambaa, kikawa mtoto wake wa kubeba mgongoni. Hatoi! Peremende alikataa, kubembelezwa alikataa. Mzee Subiri akauliza, mama mtoto anataka nini? Mama mtoto akataka paka kwenye gauni lake, tena paka mwenye miwani. Siku ile nembo za hospitali zilingoja, mtu mzima anadarizi paka. Mtoto alimkagua mbele na nyuma kama mnunuzi wa sokoni, ndipo akamfungua mtoto wake mgongoni, akamtoa.

Kosa likawa letu. Kampuni iliuliza leseni iandikwe jina la nani, na wewe Meneja ulikuwa kwenye fungate. Ukajibu kwa simu, "Andika lako, si wewe unayekaa hapo?" Mpaka leo ni lake. Akiondoka nayo inaondoka, nusu ya mashine zinanyamaza, na akina dada wanaozisimamia wakashike nini, tama? Tena kampuni imeshatangaza kwamba mwezi huu ukiisha, leseni za toleo hilo hazihamishwi tena.

Jirani yetu anayedarizi fulana alizipata habari hizo, akamfuata huyu mdogo wangu Subiri nyumbani kwake na bei nono. Mkewe akamwambia, "Jina si lako? Uza, tuezeke nyumba." Asubuhi yake alikuja kazini, akaanzisha uhamisho kwenda karakana, upande wake akaumaliza. Nilimuuliza kama haikumuuma. Akasema imemuuma sana, na paa bado linavuja, lakini leseni ilinunuliwa kwa fedha ya karakana.

Mdogo wangu Subiri, ahsante. Umetuchorea simba, mwenge, vitabu na misalaba ya wauguzi, na hukuwahi kutuchorea cha wizi. Nenda ukalale mpaka jua likupigie hodi, afya ikuandame, wajukuu wakuchoshe, na mkeo akusamehe upesi.

Nawe Meneja, weka kisu cha keki chini. Nenda kwenye kompyuta, bonyeza umekubali, nasi tukiwa nyuma yako. Kisha programu ifutwe kwenye kompyuta ya nyumbani kwa Mzee Subiri, alikokuwa akimalizia kazi zetu usiku, kama sheria ya leseni inavyotaka. Na huyo atakayekwenda kuifuta aende na fundi wa paa, bati na misumari, gharama ije hapa karakanani.