Bwana Kesho Anakabidhi Kufuli la Paani

Kamati ya sherehe, kabla hamjagawana viti vya mbele, someni hapa. Mmeandika kwenye ratiba kwamba Ijumaa saa kumi jioni mashine mpya ya baridi ya ukumbi itawashwa wageni wakiwa wamekaa, eti iwe zawadi ya ghafla kwa mstaafu. Na umeme wa mashine hiyo mmepanga uunganishwe Ijumaa hiyo hiyo saa nne asubuhi. Aibu gani hii! Mnamuaga mtu kwa kufanya lile lile alilowakataza miaka thelathini na minne. Mmemfungia mlango wa paani asiione mashine, na akili zake mmezifungia huko huko. Siri yenu nimeshaitoa. Nuneni mkishamaliza kusoma.

Anayeagwa ni fundi mkuu wa viyoyozi wa jengo letu, ambaye sote tunamwita Bwana Kesho. Anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini, baada ya miaka thelathini na minne ya kazi, na katika miaka yote hiyo hakuna mtu aliyeumia kwenye mashine aliyoiwasha yeye. Someni tena sentensi hiyo, ndiyo cheti chake.

Alipoanza alikuta mashine kumi na mbili za dirishani zinazokohoa kama wavuta tumbaku. Leo anaacha mashine kubwa tisa juu ya paa, zinapoza ghorofa sita na duka la dawa la chini. Zote anazijua kwa sauti. Amewahi kusimama katikati ya mkutano wa wakubwa, akainua kidole, akasema namba nne mkanda umelegea, akatoka. Alirudi na mkanda mkononi.

Jina la Kesho hakupewa kwa heshima. Mashine ikiwa mpya, au ikiwa imekaa muda mrefu bila umeme, yeye huikagua, hupandisha swichi kuu, huiacha kompresa, yaani pampu ya gesi, imelala, halafu huyo anaondoka. Ukimuuliza baridi lini, jibu ni moja. Wengi tulidhani ni uvivu. Mimi mwenyewe nilisema mbele za watu kwamba huyu hata chai huikoroga leo akainywa kesho. Siku moja akanipandisha paani na ndoo yangu ya kudekia, akanishikisha tumbo la kompresa. Baridi kama sakafu ya asubuhi. Akanieleza kwamba ndani mna mafuta, na gesi ya mashine hupenda kujificha kwenye mafuta yaliyopoa. Kuna hita ndogo chini yake inayoyapasha, na inataka siku nzima, usiku na mchana, mpaka gesi itoke. Ukiwasha kabla, mafuta yanafura povu kama maji ya kufulia, vyuma vinasagana vikavu, na kompresa ndiyo buriani. Nikamwambia hayo angeyasema mwaka juzi nisingemsengenya. Akanijibu kwamba mwaka juzi sikuuliza, nilisengenya tu.

Meneja aliyepita hakuelewa hilo mpaka lilipomgonga. Alikuwa na haraka kama mtu aliyebanwa na haja. Bwana Kesho alikuwa likizo akimwoza binti yake, na mashine ya ghorofa ya tatu ilikuwa ndiyo kwanza imefungwa. Meneja akamleta fundi wa kuokoteza, wakaiwasha siku hiyo hiyo. Mashine ilipiga kelele kama punda aliyekanyagwa mkia, dakika tatu, kimya. Tulingoja kompresa nyingine wiki kumi na moja. Wahasibu walifanya kazi miguu ikiwa ndani ya mabeseni ya maji, na mabeseni yalikuwa yangu, mawili hayajarudi mpaka leo na wenyewe wanajijua. Bwana Kesho aliporudi hakumsimanga mtu. Alimpelekea meneja kipande cha keki ya harusi, akauliza spana ziko wapi.

Ukaguzi wake, atakayeuruka anakaribisha msiba. Kwanza anazima swichi kuu, iliyo chumbani chini ya ngazi ya paa, anaifunga kwa kufuli lake, ufunguo anauvaa shingoni. Hata hapo haamini. Anapima nyaya kwa testa, na kabla ya kupima nyaya anaipima testa yenyewe mahali penye umeme, maana testa mbovu nayo husema hakuna umeme. Anakaza skrubu za nyaya moja moja. Anazungusha feni kwa mkono, asikie kama inakwaruza. Anamimina jagi la maji kwenye trei ya kukinga matone, aone kama yanatokea bomba la nje au kichwani mwa karani. Na kila anayepanda paani sharti aache kikombe chake cha chai chini ya ngazi, kimefunikwa kifudifudi. Akishuka anakiinua. Kikombe kimoja kikiwa bado kifudifudi, kufuli halifunguliwi hata aje nani.

Sasa niseme langu. Miaka kumi na tisa iliyopita nilikuta vikombe vitatu vimefunikwa sakafuni, nikaviokota nikaenda kuviosha, huku nang'aka kwamba mafundi hawa hawakulelewa na mtu. Bwana Kesho alishuka kuja kuwasha, ufunguo mkononi. Hakukuwa na kikombe hata kimoja kifudifudi, kana kwamba wote wameshashuka. Lakini alitafuta chake akiinue, hakukiona. Akajua kuna mkono umepita. Akageuka, akapanda tena ngazi yote. Alimkuta fundi wa rangi amejilaza kivulini mwa mashine, anakoroma, mkono wake umeingia mpaka kiwiko ndani ya feni ambayo kifuniko chake kilikuwa bado hakijarudishwa. Leo fundi yule wa rangi ana wajukuu wanne, na anawabeba kwa mikono miwili.

Hakunipeleka kwa meneja. Alivirudisha vikombe sakafuni mwenyewe, vikiwa bado vinachuruzika maji, akanisihi, bibi, hivi tuviache mpaka wenyewe waviinue. Nami kwa ujeuri wangu nikamjibu basi vioshe wewe. Sikumwomba radhi siku ile, wala miaka yote iliyofuata. Namwomba hapa, kwa maandishi, mbele ya jengo zima. Asinitake nirudie.

Cha kujivunia zaidi ni mrithi wake, anayemkabidhi kufuli lile, mama wa mapacha tunayemwita Fundi Dada. Alimfundisha miaka tisa, na wapo waliocheka kwamba anapoteza muda wake. Siku ya kwanza aliyomwachia awashe mashine peke yake, alisimama mikono nyuma, ameishikanisha, isije ikamponyoka ikasaidia. Fundi Dada akaweka kipande cha karatasi juu ya feni ya nje. Badala ya kurushwa juu, karatasi ikanyonywa chini. Feni ilikuwa inazunguka kinyume, aliyeunganisha nyaya alizipishanisha. Kabla hajaambiwa neno alizima, akafunga kufuli, akapima, akabadilishanisha nafasi za nyaya mbili, akawasha tena. Karatasi ikaruka mpaka barabarani. Bwana Kesho alipiga makofi, akashuka akatangaza kila ghorofa, hata waliokuwa wanacheka walitangaziwa, tena wao mara mbili.

Bwana Kesho, asante. Asante kwa kila mchana ambao tulivaa sweta wakati nje watu wanaungua. Asante kwa kila jioni tuliyorudi nyumbani tukiwa wazima, bila kujua nani aliyetuangalia. Nenda kapumzike, lala mpaka jua likuchome, cheza na wajukuu, zeeka taratibu. Mkeo ameniambia feni ya chumba chenu ina mwaka wa sita inakungoja uitengeneze. Tunakuombea afya, na tunamwombea yeye feni.

Haya, Fundi Dada, sasa ni zamu yako. Leo ni Alhamisi, na karatasi hii inabandikwa ubaoni saa mbili asubuhi. Acha unachofanya. Mchukue fundi umeme, nenda kwa karani wa kamati, dai ufunguo wa mlango wa paani. Akikataa, mwambie aje kwangu. Fundi umeme aunganishe leo, si kesho. Ikague mashine ya ukumbi mwanzo hadi mwisho, usiruke hata skrubu. Ukiridhika, pandisha swichi kuu kabla ya saa kumi jioni ya leo, kompresa ibaki imezimwa, hita ianze kazi yake. Hapo Ijumaa saa kumi mtaiwasha kwa haki, naye Bwana Kesho atakaa kitini kama mgeni. Saa kumi ya leo ikipita hujamaliza, usikubali kusukumwa na mtu: kamati itafungua madirisha yote ya ukumbi, tutamuaga tukitokwa na jasho, na mashine itasubiri Jumamosi. Panda sasa hivi.